Ngoma Ile Si Yako, Shangazi

Na ngoma ile si yako, Shangazi. Hapo ndipo ulipokata simu, nikiwa bado sijamaliza. Nikapiga tena, ukakata. Nikapiga kwa simu ya mume wangu, ukasikia sauti ni yangu, ukakata hiyo pia. Basi nimeamua kuandika, maana barua huwezi kuikata kwa kidole gumba. Na ninaiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu wewe hukunisema chumbani. Ulisimama mbele ya wanawake wa kanisa, siku ya maombi ya Jumatano, ukasema binti uliyemlea ameuzwa kwa rozari. Aliyesemwa hadharani anajibu hadharani.

Shikamoo nimeiruka kwa makusudi. Usidhani nimeisahau, adabu ulinifundisha wewe mwenyewe. Ninayo, nimeishika mkononi, na wakati wake ukifika utaipata.

Nianze na habari njema ambazo hukutaka kuzisikia. Nimeolewa, Shangazi! Hii ni wiki ya sita, na bado nikiamka naangalia kidole changu kwanza kabla ya kuangalia dirisha. Huku juu milimani, Mgeta, asubuhi kuna ukungu unaoingia hadi jikoni, na Deo wangu anatoka nao shambani akiwa na karoti zenye udongo, anazipanga kwenye sinia kama watu wengine wanavyopanga maua. Ananiita Fundi. "Fundi, umelala vizuri?" Kila siku, kama vile siku moja nitamjibu kitu kipya. Akienda kumwagilia njegere ananivisha koti lake, yeye anatetemeka na shati. Nikimwambia utaumwa, anasema mwenye mke haumwi baridi. Cheka ukitaka. Mimi nalia kwa furaha, halafu nakukumbuka, halafu nakasirika.

Hukuwahi hata kuuliza tulikutanaje. Ulisikia jina tu, Deogratias, ukasema, "Jina lenyewe lina ubani." Basi sikia. Alikuja pale kibarazani ninaposhonea, Kilakala, hatua chache kutoka mlangoni kwako, akiwa na fungu la kamba za katani. Alitaka sare za kwaya. Kila mwanakwaya alikuwa na kamba yake: fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu kisigino. Nikamwambia, "Kaka, kwani huko kwenu hakuna futi?" Akanijibu bila kutabasamu, "Ipo, dada, ila panya wameila kuanzia hamsini. Na mwenyekiti wetu wa kwaya kifua chake kinaanzia hapo." Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Sare zilipokwisha, alirudi kudai kwamba moja imebana. Haikuwa imebana. Nilijua, naye alijua kwamba najua.

Siku ya harusi, pale pale mjini, nilikuwekea kiti. Baba alipofariki na mama akarudi kwao, wewe ndiye ulinichukua nikiwa na miaka saba, kwa hiyo kiti cha mzazi kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa chako. Nilikutandikia kitenge juu yake. Gauni lako nilishona mwenyewe, mikono mirefu, kola ya juu unayoipenda. Wageni waliingia, wakatoka, picha zikapigwa, kiti kikabaki na kitenge chake. Jirani yako ndiye aliyenishika mkono. Wewe ulikuwa nyumbani, mtaa wa pili, na watu walikuona umekaa nje unachambua mchele. Mchele, Shangazi! Siku ile!

Sasa turudi kwenye mvua. Unaikumbuka hata ukikana.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwaya yako ilikuwa na ziara kwenye kanisa dogo la walokole wenzetu huku juu. Tulipita Mzumbe tukiimba nyuma ya pikapu, magauni meupe, kola za zambarau, na mimi nilikuwa na kagauni kangu kadogo ulikokashona kwa mabaki ya kitambaa. Gari lilipofika mwisho wa barabara tukapanda kwa miguu. Wababa wa kwaya walisema magoti yao yanauma, ukawaambia, "Leteni, magoti yenu yaombeeni," ukaibeba ngoma kichwani wewe mwenyewe. Ulikuwa na nguvu, Shangazi. Na ulikuwa mtu wa kucheka. Ulinifundisha kukanyaga mle mle ulimokanyaga wewe ili nisiteleze, na nilifanya hivyo mlima mzima, nikiamini kwamba nyayo zako haziwezi kukosea njia.

Mvua ilitukuta kwenye kijito, karibu kabisa na kufika. Maji yalikuwa ya rangi ya chai na yalibeba mgomba mzima. Wenyeji wetu wakatupungia mikono ng'ambo, hawawezi kuja, hatuwezi kwenda. Nyuma yetu mlango ukafunguliwa, mzee mmoja akapaza sauti: "Ingieni ndani! Au mnasubiri Musa aje aupasue mto?"

Kilikuwa kigango cha Wakatoliki, na mzee yule alikuwa katekista wao. Ulisimama kizingitini. Uliona sanamu ya Bikira Maria kwenye kona, na maua ya plastiki, na mkono wako ukanibana. Kisha ukaniangalia jinsi meno yangu yalivyokuwa yanagongana, ukaingia. Wanawake wa pale walinivua gauni lililolowa, wakanifunga kanga, wakatupa uji, kisha ugali na maharage. Ulikula mara mbili. Nilikuona. Baadaye mkaanza kuimba, nyinyi na wao, tuni moja ambayo kila upande uliijua kwa maneno yake, na hakuna aliyekubali kuyaacha ya kwake. Mkaimba hivyo hivyo, maneno juu ya maneno, hadi mkakutana kwenye Amina. Ukacheka hadi ukajifuta macho kwa kola.

Ngoma yetu ilikuwa imekufa. Ngozi ilikuwa imelowa, ukiipiga inalia kama debe lililojaa nguo. Katekista akaenda kona ya mbele, akarudi na ngoma ya kigango, kubwa, ina alama ya msalaba uliochomwa kwa chuma cha moto, na ufa ubavuni uliofungwa kwa waya. "Chukueni yetu," alisema. "Mungu haulizi ngozi ni ya ng'ombe wa nani." Ukamshika mkono kwa mikono yako miwili. "Baba, ziara ijayo tutairudisha." Alasiri maji yakapungua, tukavuka, mkaimba, ngoma ikalia. Jioni tukateremka nayo.

Ziara ijayo haikuja. Kwanza barabara ilikatika, kisha ukapewa uongozi wa wanawake, kisha mahubiri pale kanisani kwetu mjini yakaanza kuwa makali, na wewe ukawa mkali kuliko mahubiri yenyewe. Jumamosi moja ulinunua rangi ya bluu. Ulipaka ule msalaba mara ya kwanza, ukaonekana. Ukapaka mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeshika kopo. Nikakuuliza, "Shangazi, kwa nini tunaufuta?" Ukasema, "Shika kopo vizuri." Basi. Hilo ndilo jibu lako hadi leo.

Na ni wewe, wewe yule yule, uliyekuwa na sheria nyumbani: cha mtu hakilali hapa. Tuliazima kinu kwa jirani, mchana ukapita, mvua ikanyesha, ukaniambia nikirudishe na mvua yake. Nikakibeba nikilia. Uliniambia, "Utalia leo ili usiitwe mwizi kesho." Miaka kumi na sita, Shangazi. Ngoma ya watu imelala kwenu miaka kumi na sita.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Hilo nalikiri. Nimekumbuka kwa sababu ya mama mkwe wangu. Huku wana desturi yao: bibi harusi kabla hajashika jembe huonyeshwa kwenye makanisa ya mgongo huu wa mlima, la kwao na la wenzao, Jumapili baada ya Jumapili. Mama mkwe alisema, "Ukiumwa, atakayekubeba si lazima awe wa kigango. Bora wote wakujue sura."

Jumapili ya kwanza ikawa kigangoni. Padre huja mara moja kwa mwezi, siku hiyo hakuwepo, katekista ndiye aliyeongoza. Sikukitambua kigango chenyewe. Sasa kina bati na sakafu ya saruji, na katekista amekuwa mzee wa kutembelea fimbo. Deo alikuwa amenifundisha njiani: wageni wakiitwa, simama, sema "Tumsifu Yesu Kristo." Nilirudia hatua kwa hatua. Tukaitwa. Nikasimama na kitenge changu kipya, nikafungua mdomo, na mdomo ukafanya kama ulivyoulea wewe: "Bwana Yesu asifiweee!"

Deo akaangalia viatu vyake. Ndipo bibi mmoja nyuma akafoka, "Jibuni jamani, mtoto anasalimia!" Na kanisa zima likajibu, "Milele, amina!" wakacheka, nami nikakaa chini nikiwa nimelowa jasho kwenye baridi yote ile. Hakuna aliyenirekebisha. Mjini kwetu, mgeni angekosea hivyo, ungemwandikia somo.

Baada ya wimbo wa mwisho niliona wanawake wawili wakiitundika ngoma kwenye mti wa kubebea, huyu mbele, huyu nyuma, wakatoka nayo mbio kuteremka kijitoni. Nikamnong'oneza mama mkwe, "Mama, wanaipeleka wapi?"

"Kwa walokole. Saa yao imefika."

"Walokole wanaazima ngoma ya kigango?"

"Sisi ndio tunaazima ya walokole," alisema. "Yetu ilichukuliwa na kwaya ya mjini siku ya mvua. Magauni meupe, kola za zambarau. Walisema watairudisha."

Shangazi, nilihisi kola ile shingoni mwangu. Nikatazama kijito, nikatazama kona yenye maua ya plastiki, na kila kitu kikarudi pamoja na harufu ya maharage. Wameishi hivyo miaka yote. Kigango wanasali mapema, wakimaliza ngoma inavuka maji, walokole wanasubiri na hawaanzi mapambio mpaka ifike. Mvua ikiwa kubwa upande mmoja unapiga makofi. Hawakupanga kupendana. Uliwalazimisha wewe.

Wiki nzima nilikula mboga za watu nikiwa na siri yako tumboni.

Jumapili ya pili tukavuka wenyewe. Kanisa la wenzetu ni dogo, mabenchi ya miti isiyopasuliwa na spika moja ya betri, na mchungaji wao ni mkulima wa kabichi. Ngoma ilichelewa, na siku hiyo katekista aliifuata mwenyewe na fimbo yake. Mchungaji alipoipokea akaipiga mara moja kwa nguvu.

"Taratibu, jirani," katekista akasema. "Utaipasua ifike mbinguni kabla yako."

"Angalau yenyewe itafika moja kwa moja. Wewe utapanga foleni toharani."

"Huko nitawakuta wangu wote. Wewe mbinguni utakaa peke yako na spika yako."

Watu walivunjika mbavu. Na usifikiri wanataniana kwa sababu hawajali. Wanajali sana! Mchungaji hawezi kupiga goti mbele ya ile sanamu hata umpe shamba. Katekista anaamini kabisa kwamba ubatizo wa pili ni kumpotezea Mungu maji. Wameshabishana hadi wakanuniana, na Jumapili ngoma ikavuka vile vile, imebebwa na watu walionuna. Hicho ndicho ambacho sijawahi kukiona kwenu mjini. Kwenu mtu akinuna, anafungua kanisa lake.

Nilimwambia Deo asubuhi ya Jumapili ya tatu, kwenye matuta ya njegere. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa ataniona nimetoka nyumba ya wezi. Nikamweleza yote, rangi ya bluu, kopo, kila kitu. Aliliweka jembe chini. Akakaa juu ya tuta, nami nikaanza kulia. Ndipo akasema, "Baba yangu ndiye aliyeichonga."

Hukulijua hilo. Mimi pia sikulijua. Marehemu baba yake Deo aliuangusha mti mwenyewe, akachoma ule msalaba kwa chuma chake mwenyewe. Kila Jumapili unaimba kwa mikono ya mtu ambaye ulikataa kuhudhuria harusi ya mwanawe.

Na unajua Deo wangu alifanya nini? Alinifuta machozi kwa mkono wenye udongo, nikawa na uso wa matope, akasema, "Kumbe ndiyo maana niliwapita mafundi wote wa Morogoro nikafika kwako. Nilikuwa nafuata ngoma ya baba." Sasa niambie, mtu kama huyu ndiye unayesema ataniangamiza roho?

Siku hiyo makanisa yote mawili yalikula pamoja ukingoni mwa kijito kunikaribisha. Pombe upande huu, soda upande ule, na waliotaka kuvuka walisukutua kwanza. Nikasimama nikasema: ni shangazi yangu. Iko kanisani kwetu. Ina rangi ya bluu. Nilishika kopo.

Katekista alicheka hadi akakohoa. "Bado inalia?"

"Inalia, Babu."

"Basi sisi tunahangaika hatuna mmisionari, kumbe tunaye mjini miaka yote hii!"

Wote wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anamenya ndizi, akaendelea kumenya. Kisha akasema, taratibu, kama anajisemea, "Mume wangu tulimzika kwa ngoma ya kuazima." Kicheko kikaisha chenyewe.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia kwenye simu. Sikupiga kukuomba uje Ukatoliki. Mimi mwenyewe sijawa Mkatoliki. Wakifanya ishara ya msalaba mimi mikono nimeikalia, na hakuna anayenisogelea kuitoa. Jumapili nasali na mume wangu kigangoni, kisha tunatundika ngoma kwenye mti, Deo mbele, mimi nyuma, tunavuka maji, nami naimba mapambio yako yote niliyoyajua tangu utoto, na Deo anapiga makofi nje ya mdundo kabisa, maskini mpenzi wangu. Mguu wangu unakanyaga mle mle alimokanyaga yeye. Najua itakuuma kusoma hivyo. Nimeandika ili iume.

Nimekasirika nawe kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nimekasirika kwa sababu ya kiti, na kwa sababu ya mchele. Zaidi ya yote nimekasirika kwa sababu aliyeingia kigangoni siku ya mvua ili mtoto wa kaka yake asife baridi alikuwa wewe, na huyo mtu umempaka rangi ya bluu mara mbili. Mara nyingine najiuliza kama ndiyo sababu hasa hukuja harusini. Huenda hukuogopa rozari. Uliogopa katekista atakushika mkono na kuuliza, "Mama, ngoma yetu vipi?"

Hukuwa na haja ya kuogopa. Angekuuliza kama inalia tu.

Basi jiandae, tunakuja kuifuata ngoma. Rangi usiikwangue, mama mkwe amesema ataikwangua mwenyewe. Gauni lako bado liko kwenye mfuko, nalileta. Deo analeta karoti na mti wa kubebea. Nimemwambia upande wa mbele si wake safari hii, akakubali. Wewe uliiteremsha, wewe utaipandisha, mimi nitashika nyuma. Mama mkwe anasubiri, na kigango chote kinasubiri. Ukituachia mlango umefungwa, tutakaa pale nje ulipochambulia mchele, watu wapite wakisalimia na kuuliza.

Shikamoo yako nimeshasema iko mkononi. Siitumi kwa barua. Kabla mwezi huu haujaisha nitasimama mlangoni kwako na mume wangu, na nitakupa ukinifungulia.

Mimi, mtoto wa kaka yako, uliyemtuma kurudisha kinu mvuani